Bustani Iliyosubiri Mkasi

Nchi ninayoisimulia ipo, tena ipo vizuri. Jina lake silitaji kwa sababu kulitaja bila kibali ni kosa, na dirisha la kuombea kibali hicho bado halijazinduliwa. Tuseme tu ni nchi yenye mito miwili, wimbo wa taifa wenye beti kumi na nne, na watu wapole kupita kiasi. Sidhani kama kuna msomaji atakayeona inafanana na kwao.

Katika nchi hii kitu hakijaanza mpaka mgeni rasmi akizindue. Huu si urasimu, kama wasemavyo wenye vijiba vya roho, ni adabu. Kule wilaya ya kusini kisima kilichimbwa kikatoa maji safi, na wananchi wakapita kando yake na ndoo tupu kwa miaka minne, wakayatazama, wakaenda kuchota mtoni, hadi siku Mheshimiwa alipopata nafasi ya kufungua bomba. Daraja letu la kaskazini limekwisha kuzinduliwa mara saba na tunatarajia kulijenga. Ndiyo maana tuna Wizara ya Uzinduzi, yenye jengo refu kuliko ya Afya na ya Elimu yakibebeshana. Watumishi wake wanafanyia kazi uani, kwa kuwa jengo lenyewe halijazinduliwa.

Mimi nilikuwa, na kwenye makaratasi bado ni, Katibu wa Kamati ya Maandalizi ya Uzinduzi wa Bustani ya Juu ya Paa katika Chuo Kikuu chetu cha Taifa. Jina langu halina umuhimu, na mkifika mwisho mtakubali kwamba ni afadhali nisilitaje.

*

Sheria yetu ya Kujitolea ni fupi na nzuri. Kifungu cha kwanza kinasema kila mwanafunzi atajitolea saa mia moja na ishirini, kwa moyo mkunjufu, kabla ya kupewa shahada yake. Cha pili kinataja adhabu za asiye na moyo mkunjufu. Cha tatu kinasema saa hizo zitahesabiwa katika mradi uliozinduliwa tu. Cha nne kinasema aliyepangiwa mradi hawezi kuhama wala kuondoka mpaka amalize. Akiondoka, miaka yake yote ya masomo inafutwa, na anarudi kuwa mtu wa kidato cha sita. Cha tano, ambacho mimi binafsi nilikisifu sana kilipotungwa, kinasema kujitolea bila kuamriwa ni kosa la jinai. Mtu anayefanya kazi ya bure kwa kupenda mwenyewe lazima ana jambo lake, na takwimu haziwezi kupangwa watu wakijitolea ovyo. Kifungo chake ni miaka mitatu.

Mwatumu Shekivuli alipanda kwetu mwezi wa saba, siku mbili baada ya mtihani wake wa mwisho wa Kemia, pamoja na wenzake kumi na mmoja. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mrefu, mwenye sauti ya chini inayokufanya uinamishe kichwa kumsikiliza. Alikwisha kupata barua ya kufundisha katika shule ya sekondari ya kwao milimani, safari ya siku mbili kwa basi, na huko ndiko alikokuwa binti yake Tunu, wa miaka mitatu, akilelewa na mdogo wake Mwatumu aitwaye Saumu. Haya aliniambia mwenyewe asubuhi ya kwanza, kwa sababu fomu yetu ina nafasi ya kuandika sababu za kuwa na haraka.

Saa mia moja na ishirini ni siku kumi na tano, alisema. Alikuwa amemwahidi Tunu kurudi baada ya majuma matatu na viatu vyenye taa kisiginoni, vile vinavyowaka mtoto akikanyaga. Viatu vilikuwa tayari mkobani. Alinionyesha, akavigonga kwa kidole, vikawaka rangi nyekundu na buluu, na sote wawili tukacheka.

Nilimpa fulana ya kijani iliyoandikwa NIMEPANGIWA KUJITOLEA NA NIMEFURAHI. Nikamweleza kwamba saa zake zingeanza kuhesabiwa mara tu Mheshimiwa Waziri wa Uzinduzi atakapofika kupanda mche wa kwanza. Akauliza ni lini. Nikamwambia Alhamisi.

Sikumdanganya. Ilikuwa kweli Alhamisi. Kila juma ilikuwa Alhamisi.

*

Tatizo la bustani, na hili wataalamu wetu hawakuliona mapema, ni kwamba inaota. Ukiweka jiwe la msingi leo, ukirudi baada ya mwaka utalikuta jiwe. Mchicha hauna subira hiyo. Ratiba ilisema Mheshimiwa atapanda mche wa kwanza wa bustani mpya, na kando yake iwepo miche mingine yenye urefu wa vidole vitatu ili kumtia moyo. Alhamisi ya kwanza hakuja, kwa kuwa alikuwa anazindua ratiba ya uzinduzi ya mwaka. Ya pili alikuwa safarini. Kufikia ya tatu mchicha ulikuwa unagusa magoti, figili zimenenepa, na kunde zimeanza kutambaa kuelekea ngazini, kana kwamba nazo zina safari.

Profesa Kandidus Lwambura, Makamu Mkuu wa Chuo na mwenyekiti wa kamati yetu, alipopanda na kuona kijani kile alishika ukuta. Alitueleza, kwa upole wa mtu anayeongea na watoto wa chekechea, kwamba Waziri akikuta mboga zimekua atauliza zilikua kwa ruhusa ya nani. Na kama zilianza bila yeye, basi yeye anakuja kufanya nini. Hakuna kati yetu aliyetaka swali hilo liulizwe. Kwa hiyo ikatangazwa Siku ya Kurudisha Bustani Mwanzo: kila Ijumaa ya tatu wanaojitolea wangeng'oa kila kilichoota, walainishe udongo, na wapande upya miche ya vidole vitatu. Rula ililetwa siku hiyo hiyo.

Mboga zilizong'olewa hazikuruhusiwa kuliwa, maana mboga huliwa zikishakua, na hizi kisheria hazikuwa zimekua. Zilitiwa kwenye magunia na kupelekwa nyumbani kwa Profesa kwa uchunguzi wa kitaalamu. Nilipita huko Jumapili moja nikakuta uchunguzi unaendelea, kwa nazi.

Mwatumu ni mtoto wa wakulima. Ijumaa ya kwanza alishika mchicha shinani akashindwa kuuvuta. Alichuchumaa pale muda mrefu, kisha akaniuliza kwa adabu kama mimi niliwahi kulala njaa. Niliandika swali hilo kwenye daftari la mapendekezo.

*

Kwa kuwa Waziri angeweza kufika wakati wowote, ilibidi wanaojitolea wakutwe tayari wakati wowote, yaani tangu jua kuchomoza mpaka kuzama, Jumapili zikiwemo. Lifti hatukuitumia. Ilikuwa imetandikwa zulia jekundu, na zulia hilo lilingoja kiatu kimoja tu. Tulipanda kwa ngazi, ghorofa tisa. Juu kulikuwa na mlango wa chuma, na ili mtu asije akawa amekwenda chooni Waziri akiingia, Profesa aliamuru ufungwe kwa kufuli watu wakishaingia. Kwa haja ndogo na kubwa tuliwekewa pipa na pazia. Ufunguo nilikabidhiwa mimi. Niliuvaa shingoni kwa kamba yenye rangi za bendera, na sikatai kwamba nilijiona.

Simu zao pia zilikaa kwangu, kwenye sanduku, tarehe ya ugeni isije ikavuja. Aliyetaka kuongea na ndugu aliongea mbele yangu, kwa sauti ya nje, dakika tano. Hivyo ndivyo nilivyomfahamu Tunu.

Mwanzoni mtoto yule alikuwa hapumui kwa maneno. Alisimulia kuku aliyetaga juu ya kabati, alisimulia jino la jirani, alitaka kujua kama taa za viatu hula betri au hula umeme. Mwatumu alizunguka tangi la maji akicheka, huku simu kaielekeza kwangu kama utaratibu unavyotaka. Mwezi wa tisa Tunu alikuwa akijibu tu anachoulizwa. Kufikia mwezi wa kumi na moja Saumu alikuwa akimbembeleza aje kwenye simu, na tulimsikia kwa mbali akisema anacheza.

Hao wengine kumi na mmoja nao walikuwa na kwao, lakini walikuwa vijana na walijikaza kisabuni. Walicheza bao kwa kokoto na kuhesabu ndege. Mwatumu yeye aliketi kwenye ukingo wa kusini, upande yanakotoka mabasi ya milimani, mpaka Profesa alipoagiza ukingo huo uzungushiwe bati refu ili mandhari yasiwapotezee watu utayari.

*

Mwezi wa kumi na mbili Saumu alipiga yeye mwenyewe. Tunu ana surua, homa haishuki, hata maji yanarudi. Mwatumu akaniomba siku sita: mbili za kwenda, mbili za kukaa, mbili za kurudi. Hakulia. Alisimama mbele ya meza yangu, mikono kaiweka nyuma, akaapa kwamba atarudi, akataka kuniachia cheti chake cha kuzaliwa kama dhamana.

Nilimsomea kifungu cha nne. Nilimsomea chote pamoja na vijifungu vyake, kwa sauti nzuri, maana niliwahi kuwa msomaji wa risala wa wilaya. Nikaongeza kwamba isitoshe Waziri anakuja Alhamisi. Jioni ile nilikwenda nyumbani nikala vizuri, na nikamwambia mke wangu kwamba nchi inahitaji watu wasioyumba.

Mtoto alipona, bila msaada wetu. Waziri hakuja, alikuwa anazindua daraja kwa mara ya saba. Lakini tangu siku ile Mwatumu hakuniita tena Bwana Katibu. Hakuniita chochote. Alinyoosha mkono tu alipotaka simu, na akipewa aligeuka.

*

Sasa niseme juu ya nyanya, kwa sababu bila hiyo yasingetokea yaliyotokea.

Chakula chetu cha mchana kililetwa kwenye ndoo, wali na maharage na kachumbari. Mbegu moja ya kachumbari iliangukia kwenye dumu la mafuta ya kula lililokatwa juu, lililokuwa limejaa udongo uliobaki, nyuma ya tangi. Ikaota. Wanaojitolea waling'oa kila kitu kila Ijumaa ya tatu, lakini nyuma ya tangi hapakuwa kwenye ramani ya bustani, na Mwatumu hakuona sababu ya kupaingiza. Niliikuta mwezi wa tatu, imefika kiunoni, imefungwa kwa kipande cha kanga kwenye bomba isianguke.

Wajibu wangu ulikuwa kuripoti siku ile ile. Nilisahau. Nikasahau na kesho yake, na kwa bahati mbaya nikaendelea kusahau siku sitini mfululizo, isipokuwa asubuhi na mapema, nilipokuwa nakwenda kuitazama kabla wengine hawajafika.

Mwezi wa nne Tunu alitimiza miaka minne. Mwatumu alinyoosha mkono, nikampa simu. Kwa mara ya kwanza alipokea mtoto mwenyewe. Mwatumu akamwimbia wimbo wa siku ya kuzaliwa, wote, mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama anajua ni nani anaongea. Mtoto akajibu kwa heshima kubwa, kama watoto wanavyofundishwa kuongea na wageni.

"Shikamoo. Subiri nimwite mama."

Tukasikia miguu yake ikikimbilia uani, na sauti yake ikimwita Saumu. Zamani alikuwa akimwita mama mdogo.

Mwatumu alikata simu kabla Saumu hajafika, akaniwekea mezani. Nilimwambia zimebaki dakika nne, maana ndiyo utaratibu. Akaenda kwenye mkoba wake, akatoa vile viatu, akaketi navyo mapajani nyuma ya tangi karibu na nyanya yake. Alivigonga kwa kidole. Kimoja kiliwaka, kingine hakikuwaka.

Mimi nina watoto watatu, na wote wananijua. Siku ile nilirudi nyumbani mwili wote una joto, na nikameza dawa ya malaria.

*

Mheshimiwa Dakta Balozi Fulgensi Mabuba, Waziri wa Uzinduzi, alifika Jumanne moja ya mwezi wa tano, kwa kuwa Alhamisi zake zilikuwa zimejaa. Aliingia kwenye lifti iliyomngoja miezi kumi. Lifti ikapanda ghorofa tatu ikagoma. Alitolewa kwa ngazi ya fundi rangi, na ghorofa sita zilizobaki alibebwa kwenye kiti na wanafunzi wa Uhandisi. Zulia jekundu lilitolewa liftini likawa linatandikwa mbele yao, linakunjwa, linatandikwa tena, ingawa miguu ya Mheshimiwa haikugusa chini.

Saa nne kamili alikata utepe. Mkasi ulikuwa mpya na haukukata vizuri, ikabidi Profesa aumalizie kwa meno. Kisha Mheshimiwa akapanda mche wa kwanza, wa nyanya, kwa sababu mchicha ulionekana haulingani na udaktari wake. Kwaya ikaimba. Nami nikatazama saa yangu kwa furaha ya kweli, maana kuanzia dakika ile saa za watu zilikuwa zinahesabiwa.

Ikafuata risala ya wanaojitolea. Kila mwananchi wa nchi yetu anajua risala inavyokwenda: unamsifu mgeni, unaeleza mafanikio, unaficha matatizo, na mwishoni unatoa ombi moja, ambalo mgeni hulijibu papo hapo mbele ya watu. Msomaji nilimchagua mimi. Nilimchagua Mwatumu kwa ajili ya sauti yake. Ombi tulikuwa tumemwandikia kwenye kamati: kwamba Mheshimiwa aje tena.

Alisoma vizuri mpaka hapo, kisha akakunja karatasi.

"Mheshimiwa, tumeandikiwa tuombe uje tena," alisema. "Mimi naomba niende nyumbani. Nina miezi kumi hapa juu na sijaandikiwa hata saa moja. Mwanangu amenisahau. Ni hilo tu."

Hakuna aliyepiga makofi. Kipaza sauti kilinguruma chenyewe. Mheshimiwa alijifuta jasho, akasema jua ni kali, akaomba kivuli kidogo atafakari, na kabla mtu hajamwonyesha hema lililoandaliwa akawa amezunguka nyuma ya tangi la maji.

Tulimfuata mbio. Alikuwa amesimama mbele ya dumu. Nyanya ilikuwa imefika kifuani mwake, na matunda yake yalikuwa tisa mekundu na moja la kijani.

"Na hii?" aliuliza.

Profesa Lwambura aligeuka rangi ya majivu. Alinitazama mimi; mimi nikatazama tangi. Ilibidi aseme ama kwamba kitu kilianza bila kuzinduliwa, jambo ambalo katika nchi yetu halijawahi kutokea, ama aseme kitu kingine.

"Mheshimiwa," alisema Profesa, "ndio ule mche ulioupanda."

Waziri alitazama kule kwenye mche wake, uliokuwa bado vidole vitatu na umelala kidogo. Akatazama nyanya. Yeye ni mtu mwenye shahada tatu, na nina hakika alijua. Kisha akatazama saa yake ya mkononi, na nikaona uso wake unaanza kuchanua.

"Robo saa," alisema.

*

Hotuba aliyoitoa siku ile inafundishwa sasa mashuleni, kwa hiyo sitairudia yote. Aliitoa akiwa na nyanya mkononi, na katikati ya aya alikuwa anauma.

"Wapo wanaotuita nchi changa," alisema. "Wenzetu hao, pamoja na mitambo yao, hungoja miezi mitatu kupata nyanya moja. Sisi, mbele ya macho yenu, tumengoja robo saa. Nauliza, nani mchanga?" Hapo makofi yalichukua muda. Alipomaliza nyanya ya nne akamgeukia Mwatumu kwa uso wa baba.

"Binti yetu ametoa ombi, na serikali hii ni sikivu. Ikiwa bustani inazaa kwa robo saa, kuna haja gani ya kumtesa mtoto wa watu kutwa nzima? Naagiza kuanzia leo: kila anayejitolea hapa afanye kazi robo saa tu kwa siku. Muda uliobaki apumzike, papa hapa juu, kwenye hewa safi."

Kwaya ililipuka. Profesa alilia machozi ya kweli, ya mtu aliyeponea chupuchupu. Nilichukua daftari la mahudhurio, na kwa mara ya kwanza tangu lifunguliwe nikaandika mbele ya jina la Mwatumu Shekivuli: robo saa. Halafu nikafanya hesabu kiganjani. Saa mia moja na ishirini, kwa robo saa kila siku, ni siku mia nne na themanini. Nikairudia nikitumaini nimekosea, lakini hesabu ndilo somo pekee nililowahi kupata mia.

Nilipoinua macho nilimwona Mwatumu. Alikuwa amekwisha kuifanya kabla yangu.

*

Wageni waliposhuka, Mwatumu alivua ile fulana ya kijani, akabaki na blauzi yake, akaikunja fulana mara nne na kuiweka mezani kwangu.

"Nifungulie," alisema.

Nilianza kumsomea kifungu cha nne. Kwa desturi nakisoma bila kutazama. Safari hii nilifika kwenye neno "kuondoka" nikawa natafuta miwani niliyokuwa nimeivaa.

"Nakijua," alisema. "Miaka minne ya kusoma inakwenda. Najua. Nikikaa, Tunu atakuwa na mitano na zaidi, na hata nikienda na cheti nitakuwa mgeni mwenye cheti. Nifungulie."

Niliutoa ufunguo shingoni. Kamba ilinasa kwenye sikio, na yeye ndiye aliyeninasua. Nikampa na simu yake. Kutoka kwenye dumu alichuma ile nyanya ya kijani, maana Mheshimiwa alikuwa amemaliza nyekundu zote, akaifunga kwenye leso. Nadhani alipiga hesabu kwamba ingeiva njiani. Vile viatu aliviacha juu ya meza. Nilimwita, nikamwambia amesahau.

"Havimwingii tena," alisema, akaanza kushuka. Niliisikia miguu yake mpaka ghorofa ya sita hivi.

Utaratibu ni kwamba jina la mtoro hufutwa kabla jua halijazama. Nilikaa na kalamu nyekundu mkononi mpaka jua likazama, na likishazama huwezi tena kufuta, maana muda umepita. Mimi ni mtu wa kufuata utaratibu.

Asubuhi yake nilipanda mapema, nikavaa fulana yake. Inanibana tumboni na maandishi yamevutika, lakini kwa mbali inasomeka. Nikachukua ndoo, nikamwagilia robo saa kamili kwa saa ya mkononi, nikanawa, nikavaa koti langu la ukatibu, nikaandika daftarini: Shekivuli, Mwatumu, yupo, robo saa. Profesa akija kukagua hahesabu sura, anahesabu fulana, hata iliyoanikwa kambani. Wale kumi na mmoja wameona, na hawajaniuliza neno. Siku hizi asubuhi nakuta mmoja wao amekwisha kunisogezea ndoo.

Hakuna aliyeniamuru. Najua maana yake. Kifungu cha tano nimekisoma mara nyingi, kwa sauti nzuri. Ndiyo sababu jina langu nimelihifadhi. Yeyote atakayekuja kuuliza ni nani yuko juu ya paa, jibu limeandikwa daftarini. Kule milimani mkuu wa shule amekubali kumshikilia nafasi, kwa kuwa alipokea barua ya chuo yenye mhuri, inayosema mwalimu wake amemaliza mtihani na cheti kiko njiani. Barua hiyo niliiandika mimi. Mwatumu hajui, na sijatafuta namna ya kumwambia, kwa sababu nikimwambia ningetaka anishukuru.

Viatu vipo kwenye kabati la bendera. Leo nimemaliza siku ya mia tatu na kumi na moja, na ukijumlisha ile moja yake mwenyewe, zimebaki mia moja sitini na nane. Nimeungua shingo na mke wangu anauliza kamati gani hii inayokutana juani.

Juzi, nikiwa katikati ya kumwagilia, niliweka ndoo chini nikapiga ile namba ya Saumu iliyobaki kwenye kitabu changu cha simu. Nilikusudia kusema nimekosea namba. Alipokea mtoto. Hakungoja nijitaje, akaniamkia kwa adabu.

"Shikamoo. Subiri nimwite mama."

Miguu ikakimbia uani. Nikamsikia akiita, na kutoka mbali, kwa sauti ya chini iliyonifanya niinamishe kichwa, mtu akaitika.

Nikakata simu. Zilikuwa zimebaki dakika nne, nikachukua ndoo nikazimalizia.